Nyuzinyuzi na kolesteroli: kwa nini uji wa oti unashusha LDL na pumba ya ngano haishushi

Chukua watu wawili walioambiwa kwamba LDL yao, yaani ile kolesteroli ya kwenye damu inayoitwa mbaya, iko juu na waongeze nyuzinyuzi kwenye chakula. Wa kwanza anaweka gramu 25 za pumba ya ngano kwenye maziwa kila asubuhi, na hapo ameongeza takriban gramu 10 za nyuzinyuzi. Wa pili anapika uji wa gramu 80 za oti kavu, akapata kama gramu 8. Kwa hesabu ya gramu, wa kwanza yuko mbele. Lakini wakirudi kupima baada ya wiki sita, wa kutegemewa kuona LDL imeshuka ni wa pili. Wa kwanza atakuwa anapata choo vizuri sana, ila kolesteroli yake itakuwa palepale.

Kosa si la pumba. Kosa ni la neno tunalolitumia kana kwamba lina maana moja. Nyuzinyuzi ni jina la jumla la sehemu za mmea ambazo vimeng'enya vya utumbo mwembamba vinashindwa kuzivunja. Chini ya jina hilo kuna selulosi inayoufanya ukuta wa seli za mmea kuwa mgumu, kuna pektini inayogandisha jemu, kuna beta-glukani ya oti na shayiri, kuna inulini ya vitunguu, na nyingine kadhaa. Kuzipima zote kwa gramu na kutegemea zifanye kazi moja ni sawa na kupima misumari na gundi kwenye mzani mmoja kwa sababu vyote viko kwenye sanduku la fundi.

Safari ya nyongo

Kwanza tuondoe picha moja inayopotosha. Husemwa sana kwamba nyuzinyuzi "zinafagia mafuta kwenye mishipa". Hazifagii, kwa kuwa hazifiki huko. Zinaanzia mdomoni, zinapita tumboni na kwenye utumbo, na zile ambazo bakteria hawakuzila zinatoka na choo. Damu haizioni. Zinachokigusa ni nyongo, na ni kupitia nyongo ndipo ini linalazimika kubadili matumizi yake ya kolesteroli.

Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli. Kila ukila, asidi hizi humwagwa kwenye utumbo mwembamba zikachanganye mafuta na maji, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria iliyokaangiwa. Kazi ikiisha hazitupwi. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba huzifyonza karibu asilimia 95 na kuzirudisha kwenye ini, zitumike tena. Mwili mzima una gramu 2 hadi 4 tu za asidi hizi, lakini huzunguka mara kadhaa kwa siku. Kinachopotea na choo ni kama nusu gramu kwa siku, na ini hufidia kiasi hicho kwa kutumia kolesteroli nyingine.

Sasa weka katikati ya mzunguko huo ute mzito, ule ambao oti hutoa zikipikwa. Chakula kilicholainika kinakuwa kizito, kinakorogeka kwa shida, na asidi za nyongo zilizomo ndani yake haziufikii ukuta wa utumbo kwa wakati. Pamoja nazo inanaswa kolesteroli iliyotoka kwenye chakula na ile iliyokuja na nyongo yenyewe. Vyote vinapitiliza hadi utumbo mpana na kutoka. Ini linajikuta na akiba pungufu, linaharakisha kugeuza kolesteroli kuwa asidi mpya za nyongo, na kolesteroli ndani ya seli zake inapungua. Seli zinajibu kwa kuongeza vipokezi vya LDL kwenye utando wao wa nje. Vipokezi hivi ndivyo vinavyodaka chembe za LDL zinazopita kwenye damu na kuziingiza ndani. LDL ya kwenye damu imeshuka kwa sababu ini limeichota, basi.

Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1985 kwa kueleza jinsi mwili unavyodhibiti kolesteroli, na kiini cha kazi yao kilikuwa vipokezi hivyo. Dawa ya zamani ya kolestiramini hupita njia hiyohiyo: inanasa asidi za nyongo utumboni, halafu ini linakwenda kutafuta kolesteroli kwenye damu. Bakuli la uji wa oti ni binamu mpole wa dawa hiyo.

Kwamba ni ute unaofanya kazi, si kitu kingine kilichomo kwenye oti, kulionyeshwa vizuri na jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 1995. Walioshiriki walikuwa watu waliokwisha kuondolewa utumbo mpana, ambao choo chao hutokea kwenye tundu la tumboni. Kwa hiyo kila kinachotoka kwenye utumbo mwembamba kinaweza kukusanywa na kupimwa. Walipewa mkate wa pumba ya oti, na kipindi kingine mkate wa pumba hiyohiyo iliyotiwa kimeng'enya kinachokatakata beta-glukani. Beta-glukani ilipoachwa nzima, asidi za nyongo zilizotoka zilizidi kwa asilimia 53. Pumba ni ileile, kilichobadilika ni urefu wa molekuli.

Kuna maelezo ya pili yanayopendwa siku hizi: bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa propionati, ambayo maabara imeonyesha kuwa inapunguza utengenezaji wa kolesteroli kwenye seli za ini. Ni maelezo mazuri, ila tusiyabebeshe mzigo mkubwa. Inulini huchachushwa vizuri kabisa na bakteria haohao, na bado LDL haishuki kwa kiasi cha kutegemewa.

Zipi zinatoa ute

Vitabu vingi hugawa nyuzinyuzi kuwa zinazoyeyuka na zisizoyeyuka kwenye maji. Mgawanyo huo unasaidia lakini haumalizi, na jaribio la glasi tatu za maji linaonyesha kwa nini. Glasi ya kwanza tia kijiko kidogo cha pumba ya ngano, ya pili kijiko cha unga wa inulini, ya tatu kijiko cha maganda ya isabgoli, yale ambayo makopo mengi huyaandika psyllium. Koroga, ngoja dakika kumi. Pumba imelowa na kutuama, maji juu yake ni mepesi. Inulini imeyeyuka yote na maji bado ni mepesi kama yaliyotiwa sukari. Isabgoli imekuwa donge la ute linalosita kumwagika hata ukiinamisha glasi. Inulini ni nyuzinyuzi inayoyeyuka, ukitaka kubishana kwa kutumia lebo utashinda, lakini haina mnato. Kwa LDL, mnato ndio unaotafutwa.

Jaribio hili lina mipaka. Oti mbichi hazitoi ute wake haraka kwenye maji baridi, zinahitaji moto au kulowekwa kwa saa kadhaa. Maharage hayatagandisha glasi yoyote, kwa kuwa nyuzinyuzi zake zimo ndani ya kuta za seli na hutoka polepole wakati wa kusagwa.

Wenye mnato wa kutosha, kwa utaratibu wa nguvu ya ushahidi, ni hawa. Isabgoli iko juu: gramu 10 za maganda zina kama gramu 7 za nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Oti kavu zina beta-glukani asilimia 4 hadi 5, hivyo gramu 75 zinatoa kama gramu 3. Pumba ya oti ina zaidi, gramu 40 hadi 50 zinatosha kwa kiwango hichohicho. Shayiri nzima haiko nyuma ya oti. (Wengine huita oti shayiri pia. Hapa mkanganyiko huo hauna madhara, maana zote mbili zina beta-glukani.) Kisha inakuja jamii ya kunde: maharage, dengu, kunde, njegere. Sahani ya gramu 130 za maharage yaliyopikwa ina nyuzinyuzi za jumla gramu 8 au 9, na kama gramu 2 ni zinazoyeyuka, ingawa kipimo hicho hubadilika kwa aina ya mbegu. Chungwa lililoliwa na nyama yake lina gramu moja na nusu au zaidi kidogo ya zinazoyeyuka, nyingi zikiwa pektini, na tufaha na ganda lake lina kama gramu 1. Bamia na bilinganya zina ute wa kweli, lakini ni mboga yenye maji mengi na gramu kwa sahani ni chache.

Selulosi na ligini, yaani sehemu kubwa ya pumba ya ngano na ya maganda magumu ya nafaka, zina kazi nyingine: kuongeza ujazo wa choo na kukisukuma. Ni kazi nzuri, ila hapa siyo tunayoitafuta.

LDL inashuka kwa kiasi gani

Mwaka 1999 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio 67 yaliyodhibitiwa. Kwa wastani, kila gramu moja ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwa siku ilishusha LDL kwa 0.057 mmol/L, kwa dozi za kati ya gramu 2 na 10. Maabara inayotumia mg/dL, zidisha kwa 38.67: hiyo ni kama 2.2. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa majaribio 58 ya beta-glukani ya oti, dozi ya kati ikiwa gramu 3.5, ulipata mshuko wa 0.19 mmol/L. Kwa isabgoli, karibu gramu 10 kwa siku, uchambuzi wa 2018 ulipata 0.33. Kwa sahani ya gramu 130 za jamii ya kunde kila siku, uchambuzi wa 2014 ulipata 0.17.

Tuweke siku moja mezani. Asubuhi uji wa gramu 80 za oti: zaidi kidogo ya gramu 3. Mchana gramu 130 za maharage: 2. Chungwa moja na tufaha moja: karibu 2.5. Jumla ni gramu 7 na nusu hadi 8 za nyuzinyuzi zinazoyeyuka, na ukizidisha kwa 0.057 unapata mshuko wa kama 0.4 mmol/L. Aliyekuwa na LDL ya 4.0 anaweza kufika 3.6. Ni wastani wa makundi, mtu mmojammoja anaweza kushuka zaidi au asishuke kabisa.

Je, 0.4 ni kitu? Majaribio ya statini, dawa za kushusha kolesteroli, yalionyesha kwamba kila LDL ikishuka kwa 1 mmol/L, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa karibu asilimia 22. Kwa hiyo 0.4 si ya kudharau, hasa ikidumu miaka. Vilevile si mbadala wa dawa kwa anayeihitaji. Ulinganisho unaopendeza zaidi ni huu: ukiongeza dozi ya statini maradufu, LDL hushuka asilimia 6 tu zaidi. Jaribio la mwaka 2005 lilikuta kwamba simvastatini, mojawapo ya statini, miligramu 10 pamoja na gramu 15 za isabgoli kwa siku zilishusha LDL sawa na simvastatini miligramu 20 peke yake. Na ute ukichanganywa na vyakula vingine vinavyoshusha kolesteroli, matokeo yanajikusanya: David Jenkins na wenzake wa Toronto, mwaka 2003, walitoa mlo wenye nyuzinyuzi za mnato, steroli za mimea, protini ya soya na lozi, na LDL ikashuka kwa asilimia 28.6 kwa mwezi mmoja, wakati kundi la lovastatini, statini nyingine, lilishuka kwa 30.9.

Panapoharibika

Pa kwanza ni kiwandani. Beta-glukani inashika nyongo kwa sababu molekuli zake ni ndefu na zinajisokota. Ukizikata, mnato unaondoka ingawa gramu kwenye lebo hazibadiliki. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilitumia nafaka za kifungua kinywa zenye beta-glukani za urefu tofauti kwa wiki nne. Gramu 3 za molekuli ndefu, zenye uzito wa zaidi ya milioni 2, zilishusha LDL kwa zaidi ya asilimia 5. Gramu 4 za molekuli zilizokatwa hadi uzito wa 210,000 hazikufika hata nusu ya hapo. Joto kali pamoja na shinikizo la mashine linaweza kukata, na vimeng'enya vya asili vya unga wa ngano hukata unga wa oti unapoumuliwa pamoja nao kwa saa nyingi. Ndiyo maana uji unaaminika kuliko mkate au biskuti "yenye oti". Kinywaji cha oti kilichotengenezwa kwa kimeng'enya, soma lebo yake: kama haisemi gramu za beta-glukani, usiihesabu.

Juisi ni habari ileile kwa njia nyingine. Ukichuja chungwa umeacha pektini kwenye chujio na kunywa sukari.

Pa pili ni kile kilichoondolewa mezani. Sahani ya maharage iliyochukua nafasi ya soseji inashusha LDL kwa njia mbili, ute ukiwa mmoja na kupungua kwa mafuta ya kuganda ukiwa wa pili. Uji uleule wa oti uliopikwa kwa siagi na malai unakuwa unavuta kamba pande zote mbili.

Pa tatu ni matarajio. Mwaka 1990, wakati pumba ya oti imevuma sana Marekani, jaribio dogo la watu 20 liliikuta haina tofauti na unga wa ngano uliokobolewa, na mvumo ukazimika kwa haraka. Watu hao walikuwa na afya njema na kolesteroli ya kawaida tangu mwanzo. Aliye na LDL ya chini hana pa kushukia, na watu 20 ni wachache mno kunasa badiliko la asilimia 5. Oti haikuwa na kosa, jaribio lilikuwa na jicho dogo.

Jicho dogo hilohilo ndilo ulilonalo ukipima mara moja. LDL ya mtu yuleyule hupanda na kushuka asilimia 5 hadi 10 kati ya siku na siku bila sababu yoyote. Isitoshe, maabara nyingi haziipimi, huikokotoa: kolesteroli yote, toa HDL (kolesteroli inayoitwa nzuri), toa trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) iliyogawanywa kwa 2.2 ikiwa vipimo ni vya mmol/L. Ukila kabla ya kipimo cha pili, trigliseridi inapanda na LDL ya kwenye karatasi inaonekana imeshuka. Trigliseridi ikipita 4.5 hesabu hiyo haifai tena. Basi pima mara mbili kabla ya kuanza na mara mbili baada ya wiki sita hadi nane, hali ikiwa ileile ya kufunga au kutofunga. Usipime ukiwa mgonjwa wa homa wala ukiwa katikati ya kupungua uzito, vyote viwili vinaivuruga LDL.

Trigliseridi na HDL

Hapa ni pafupi. Nyuzinyuzi zenyewe hazigusi trigliseridi wala HDL kwa kiasi cha maana. Uchambuzi wa majaribio 67 haukuona badiliko la kutegemewa. Anayeona trigliseridi yake imeshuka baada ya kuhamia maharage na nafaka nzima, kwa kawaida ameshusha sukari, wanga uliokobolewa, pombe au uzito. Trigliseridi ya zaidi ya 5.6 mmol/L ina hatari ya kuvimbisha kongosho na inahitaji daktari, si isabgoli.

Kuanza bila kujuta

Wanaoacha, wengi huacha wiki ya kwanza kwa sababu ya tumbo kujaa gesi. Bakteria wamepewa chakula kingi kwa ghafla. Anza na nusu: gramu 40 za oti, au gramu 3 za isabgoli kwa siku, ongeza kila baada ya wiki. Maharage yaloweke usiku kucha na umwage maji ya kulowekea. Sukari zinazoleta gesi huondoka kwa sehemu, nyuzinyuzi zinabaki. Pima oti kwa mzani siku chache za mwanzo, kwani "bakuli" la mtu mmoja ni gramu 35 na la mwingine ni 90.

Isabgoli inywe na glasi nzima ya maji, mililita 240 au zaidi, mara tu inapokorogwa. Ukiimeza kavu au na maji kidogo inavimbia kooni na inaweza kumkaba mtu. Asiyemeza vizuri, au aliyewahi kuziba utumbo, asiiguse bila ushauri wa daktari. Inywe pamoja na chakula: nyongo humwagwa wakati wa kula, na ute uliokunywa saa tatu kabla haukutani nayo.

Ute haubagui kati ya nyongo na vidonge. Mwaka 1991 waliripotiwa wagonjwa wa lovastatini walioongeza pektini au pumba ya oti na LDL yao ikapanda, kwa sababu dawa ilinaswa utumboni. Walipoacha nyuzinyuzi hizo ikashuka tena. Acha saa mbili kati ya unga wa nyuzinyuzi na dawa nyingi, na saa nne kwa levothairoksini ya tezi. Anayetumia lithiamu amwambie daktari kabla ya kuanza.

Kisha kuna watu ambao njia yote hii imeziba mwanzoni. LDL ikiwa 4.9 mmol/L au zaidi, hasa kama kuna ndugu aliyepata mshtuko wa moyo akiwa kijana, huenda ni ugonjwa wa kurithi ambamo vipokezi vya LDL ni pungufu au vibovu. Ini linaweza kuishiwa nyongo na kutaka kolesteroli, lakini mikono ya kuichotea haitoshi. Hao wanahitaji dawa mapema, na familia yao ipimwe, watoto wakiwemo. Oti wanaweza kuendelea kula, mbali na saa ya kidonge.